Kamera inasema saa moja jioni, mwizi alikuja saa nane mchana

Wiki iliyopita niliitwa kwenye duka la vifaa vya simu jirani na soko la Mbuyuni, hapa Moshi. Simu mbili zilikuwa zimechomolewa kwenye kabati la kioo, na kamera ilinasa kila kitu: kofia ya mwizi, mkono wake, hata mteja aliyesimama kaunta akilipa kwa simu bila habari na kinachoendelea mgongoni mwake. Shida ilikuwa kwenye tarakimu nyeupe pembeni ya picha. Zilisoma 19:19, yaani saa moja na dakika kumi na tisa jioni. Duka lile hufungwa saa kumi na mbili, na ufunguo huondoka na binti anayeuza. Nilimkuta amekaa nje juu ya ndoo iliyopinduliwa, macho mekundu.

"Shikamoo mama," nilimwambia mwenye duka.

"Marahaba mwanangu. Hebu niambie wewe unayejua haya mambo, kamera inaweza kusema uongo?"

Kwenye korido kila mtu alishakuwa na jibu lake. Wa duka la nguo alisema kamera imechezewa. Kijana wa bodaboda alisema hizo ni saa za kizungu, unatoa sita. Akatoa sita kwenye kumi na tisa, akabaki na kumi na tatu mkononi, akanyamaza. Mwingine akamtaja fundi aliyefunga mitambo. Hakuna aliyeangalia mlango kwenye picha. Nje jua lilikuwa kali, na kivuli cha mwavuli wa muuza vocha kilikuwa kifupi juu ya lami. Saa moja na robo jioni Moshi ni giza.

Kamera haikuchezewa. Ilikuwa inahesabu sekunde peke yake, kwa majira ya mji mwingine, na hakuna aliyewahi kuionyesha pa kuuliza saa. Kinachokosekana hapo kinaitwa kusawazisha saa kwa mtandao: kifaa kinauliza saa kwa kifaa kingine kinachoaminika, kinajirekebisha, kisha kinauliza tena baada ya muda, siku zote. Utaratibu unaotumika karibu kila mahali duniani unaitwa NTP. Nitaueleza, ila kwanza tutoe njiani lile la kutoa sita.

Saa ni ile ile, usomaji ni wetu

Sisi tunahesabu saa kuanzia jua linapochomoza, ndiyo maana simu ikiandika 14:00 mdomo unasema saa nane bila hata kufikiri. Kifaa hakijui lolote kuhusu hilo. Ndani yake kinahesabu sekunde kwa saa ya dunia, inayoitwa UTC, kisha kinaongeza saa za ukanda uliokichagulia ili kikuonyeshe. Tanzania, Kenya na Uganda ni UTC+3 mwaka mzima, kwa hiyo ukivuka Holili au Namanga simu haibadiliki. Kigoma mambo ni mengine: Burundi iko UTC+2, na simu iliyodaka mnara wa ng'ambo inaweza kurudi nyuma saa nzima mwenyewe umelala.

Hata hiyo +3 ni makubaliano tu. Inatokana na mstari wa longitudo 45, na Moshi iko kama 37. Ndiyo sababu jua letu linafika juu kabisa karibu saa sita na nusu mchana, wala si saa sita kamili.

Nimewahi kumkuta bwana mmoja aliyerudisha kompyuta yake nyuma saa sita ili "isome Kiswahili". Barua pepe alizotuma zikawa zinazama chini kwenye visanduku vya wapokeaji, maana zilionekana zimeandikwa asubuhi wakati ni mchana. Saa ya Kiswahili iache kichwani na mdomoni. Kwenye kifaa weka ukanda sahihi, na kama orodha haina Dar es Salaam tafuta Nairobi. Ni ukanda huo huo.

Tofauti ina sura yake

Turudi dukani. Yule mteja kwenye picha alikuwa analipa, na ujumbe wa malipo ulikuwa bado umo kwenye simu ya duka. Uliingia 14:12. Kamera inasema 19:19. Tofauti ni saa 5 na dakika 7, na hapa ndipo watu wengi hukosea kwa kuichukua kama kosa moja. Ni magonjwa mawili, kila moja na dawa yake.

Saa 5 kamili ni ukanda. Mashine nyingi za kurekodi kamera hutoka China zikiwa kwenye majira ya Beijing, UTC+8, na ukitoa 3 kwenye 8 unabaki na 5. Kokote utakakoona kifaa kimekosea kwa saa nzima nzima, dakika zikiwa sawa, saa yenyewe ni nzima. Kilichokosewa ni ukanda. Kikikosea kwa saa 12, mtu alichanganya AM na PM.

Dakika 7 ni ugonjwa mwingine. Karibu kila kifaa cha kawaida kinahesabu muda kwa kipande kidogo cha jiwe la quartz kinachotikisika mara 32,768 kwa sekunde. Jiwe hilo ni zuri kwa bei yake, lakini kukosea sehemu 20 kwa milioni ni jambo la kawaida kwake. Inasikika ndogo. Ni kama sekunde 1.7 kwa siku, karibu dakika moja kwa mwezi, zaidi ya dakika 10 kwa mwaka. Kwa mwendo huo dakika 7 zinahitaji miezi minane hivi, na tangu mashine ile itoke kiwandani hakuna aliyegusa saa yake. Joto nalo linachangia. Mawe ya aina hii hukatwa yaende vizuri karibu na nyuzi joto 25. Ukiyaweka chini ya bati la Pasua saa nane mchana yanachelewa, na ukiyapeleka kwenye baridi ya kambi ya Barafu, juu Kilimanjaro, usiku yanachelewa pia. Saa ya mkononi inapona kwa sababu mkono unaipa joto.

Ugonjwa wa tatu haukuwepo dukani, lakini mafundi wa stesheneri wanaujua: tofauti ya miaka. Unawasha kompyuta ya mezani asubuhi inakuambia ni Januari mosi ya mwaka ambao mteja alikuwa bado anasoma msingi. Hiyo ni betri bapa kama sarafu, CR2032, inayoilinda saa umeme ukikatika. Imekufa. Badilisha betri, kurekebisha tarehe kila asubuhi ni kuchota maji kwa pakacha. Mtandao wenyewe hautakuokoa haraka, kwa sababu kompyuta ya namna hiyo inakataa kufungua tovuti. Kila tovuti salama ina cheti chenye tarehe ya kuanza na ya kuisha, kama tiketi ya basi. Kompyuta inayoamini ni 2009 ikionyeshwa cheti cha mwaka huu inaona tiketi ya safari ambayo haijafika, inamrudisha abiria. Mteja anaambiwa muunganisho si salama, analaumu bando.

Mtoto anatumwa kwa Mangi

Sasa NTP yenyewe. Watu wanadhani ni rahisi: unauliza saa, unajibiwa, unaweka. Ugumu ni kwamba jibu linasafiri, na likifika limeshachakaa.

Chukua nyumba ya bibi huko Kibosho, mtelemkoni. Saa ya ukutani haiaminiki. Dukani kwa Mangi kuna saa nzuri. Bibi anamtuma mjukuu na karatasi. Mtoto anatoka saa ya bibi ikisema 4:00. Anafika kwa Mangi, anaandika saa ya pale: 4:12. Anasubiri chumvi ipimwe, anaondoka saa ya Mangi ikisema 4:14. Anarudi nyumbani, ukutani panasoma 4:10.

Bibi ambaye hakusoma hesabu atasema Mangi yuko mbele dakika 4. Mwenye akili atafanya hivi. Mtoto ametoweka dakika 10 kwa saa ya nyumbani. Dakika 2 zilikuwa za chumvi. Njia imekula 8, basi kwenda 4 na kurudi 4. Aliondoka kwa Mangi 4:14, ongeza 4 za kurudi: sasa hivi ni 4:18. Ukutani ni 4:10. Saa ya bibi imechelewa dakika 8, na njia imepimwa kumbe bila mtu kuipima.

Hiyo ndiyo NTP yote. Alama nne za muda: nimetuma, umepokea, umejibu, nimepokea. Mmarekani David Mills, baadaye profesa wa Chuo Kikuu cha Delaware, aliichapisha kama utaratibu rasmi mwaka 1985 na akaihangaikia miaka mingi baadaye, huku macho yake yakizidi kufifia; alifariki Januari 2024. Tofauti na Bibi, simu na kompyuta zinafanya safari hiyo kwa sehemu ndogo ya sekunde, na kwa mtandao wa kawaida matokeo huwa sahihi kwa milisekunde chache hadi makumi kadhaa.

Lakini umeshaona mwanya. Tumegawa 8 kwa mbili tukidhani kwenda ni sawa na kurudi, na Kibosho si tambarare. Kama mtoto alishuka kwa dakika 2 akapanda kwa 6, saa halisi anapofika ni 4:20, na bibi amekosea dakika 2: nusu ya tofauti kati ya kupanda na kushuka. Mtandao una milima yake. Ofisi inayopandisha mafaili makubwa kwenye laini finyu hujaza upande mmoja wa njia, na saa inayumba mchana, usiku inatulia. Hakuna hesabu inayoweza kuligundua hilo kwa kumuuliza Mangi mmoja. Dawa ni kuchagua seva, yaani kifaa kinachojibu saa, iliyo karibu, ili hata kosa likiwepo liwe dogo.

Na usimuulize Mangi mmoja. Ukiwauliza wawili wakatofautiana, huna njia ya kujua nani anakosea. Waulize wanne, mmoja akipotoka, watatu wanamwangusha, na programu ya NTP inafanya kura hiyo yenyewe. Ndiyo maana watu hutumia pool.ntp.org, mkusanyiko wa seva za kujitolea uliopo tangu 2003, ambao ukiuliza jina moja unakupa anwani za seva kadhaa.

Mangi naye aliitoa wapi saa? Huko juu kuna saa za atomi, zikiwemo zilizo ndani ya setilaiti za GPS. Hizo ni ngazi 0. Seva iliyounganishwa nazo moja kwa moja ni ngazi 1, inayoiuliza hiyo ni ngazi 2, na kuendelea hadi 15. Ukiona 16, ujue kifaa kinakiri hakijasawazishwa. Kuna mafundi wanaong'ang'ania ngazi 1 kama wanatafuta cheo. Kwa duka, shule au zahanati, ngazi 2 au 3 iliyo karibu inashinda ngazi 1 iliyo bara lingine.

Kifaa kikijua kimekosea hakiruki ovyo. Dereva wa Coaster ya Arusha akifika Boma Ng'ombe kabla ya muda wake harudishi gari kinyumenyume hadi Moshi, anapunguza mwendo. NTP nayo ikikuta tofauti ndogo huikaza au kuilegeza saa taratibu, kwa sababu saa ikirudi nyuma ghafla, risiti ya pili inaweza kuandikwa kabla ya ya kwanza. Tofauti ikiwa kubwa inaruka mara moja. Na programu ya NTP ya zamani, ile ya ntpd, ikikuta imepitwa kwa zaidi ya sekunde 1,000, kama dakika 17, kwa kawaida inagoma kabisa na kujizima: inaona bora mtu aje aangalie. Kwa hiyo ukifunga kifaa kipya weka ukanda kwanza, kisha saa ya kukadiria kwa mkono, ndipo uwashe NTP.

Kuwasha ni jambo moja, kujibiwa ni lingine

Kwenye simu huna kazi. Washa tarehe na saa ya kujiweka yenyewe, basi. Inachukua kutoka mnara wa simu au mtandaoni. Kompyuta ya Windows nayo huja ikielekezwa time.windows.com. Kazi ipo kwenye vifaa visivyo na mwenyewe: mashine ya kamera, ruta, swichi ya mtandao, kifaa cha kuweka alama ya kidole wafanyakazi wanapoingia. Hivi hufungwa siku moja na kusahaulika mpaka siku ya ugomvi.

Pale dukani nilichomeka waya kutoka mashine ya kurekodi hadi ruta ndogo ya laini ya simu, nikaweka ukanda +03:00, nikaandika pool.ntp.org, mlango 123, iulize kila dakika 60. Nikahifadhi. Nikasubiri. Kimya, saa haikusogea. Hapa mafundi wengi hufunga boksi na kudai hela yao, maana kwenye skrini alama ya NTP imewekwa tiki. Tiki inasema umeruhusu kuuliza; haisemi umejibiwa. Nilirudi kwenye setingi za mtandao nikakuta sehemu ya DNS imeachwa 0.0.0.0. DNS ndiyo inayogeuza jina kuwa anwani. Bila hiyo mashine ilikuwa inamjua Mangi kwa jina na haijui anakoishi. Nikaweka anwani ya ruta. Baada ya muda kidogo dakika zikajirekebisha mbele ya macho yetu. Kwenye ofisi kubwa mkosaji wa kawaida ni mwingine: ukuta wa usalama unazuia mlango huo huo wa NTP, UDP 123.

Usimamizi wake basi ni kuuliza swali moja kila mara: mara ya mwisho ulijibiwa lini, na nani? Windows itakueleza ukiandika w32tm /query /status. Ukiona chanzo kimeandikwa Local CMOS Clock, kompyuta inajiuliza yenyewe, kama mtu anayejipa mahari. Linux yenye chrony, programu nyingine ya NTP, andika chronyc sources. Mstari wenye nyota ndiyo seva iliyochaguliwa. Hapo kuna safu inaitwa Reach, na inawatisha watu kwa sababu kikomo chake ni 377. Hiyo ni hesabu ya nane nane, na maana yake ni kwamba maswali manane ya mwisho yote yamejibiwa. Ikibaki 0, hakuna hata moja kati ya hayo manane lililojibiwa. Ikiwa inapanda na kushuka, jibu linapotea njiani. Chunguza laini kabla hujaigusa saa.

Ukiwa na vifaa ishirini, usivipeleke vyote nje kuuliza. Chagua mashine moja au mbili zisizozimwa, hizo ziulize nje, nyingine zote zilizo ndani ziulize hizo. Siku kebo ya baharini ikikatika, kama Mei 2024, ofisi nzima itakosea kwa pamoja na kwa kiasi kilekile, na kumbukumbu zako zitaendelea kulingana. Kwenye ofisi zinazoingia kompyuta kwa akaunti za kati, kompyuta iliyopishana na seva kwa zaidi ya dakika 5 kwa kawaida inakataliwa kuingia, hata neno la siri likiwa sahihi. Namba za siri zinazobadilika kwenye simu nazo huishi sekunde 30. Mimi hujiwekea kengele kifaa kikipishana nusu sekunde. Ni ukali, lakini hunipa siku kadhaa za kushughulika kabla hakijafika pabaya.

Mama aliuliza alichouliza kila mwenye duka: "Na hiyo ruta si itanimalizia bando?" Swali moja la NTP na jibu lake ni kama baiti 152 kwa jumla. Hata ukiuliza kila dakika 17, kwa mwezi haufikishi nusu megabaiti. Picha moja ya mjukuu kwenye WhatsApp inaweza kula kuliko hiyo. Na hapana, kuuliza saa hakumfungulii mtu wa nje aone kamera. Anayefungua mlango huo ni fundi anayeweka neno la siri 12345.

Kuna jambo nililifanya kabla ya hayo yote, na ningeomba kila mwenye kamera alikumbuke, kwa sababu likipita halirudi. Kabla ya kugusa saa iliyokosea, niliiweka simu yangu kando ya skrini na kuzipiga picha pamoja: simu 10:31, kamera 15:38. Saa 5, dakika 7. Rekodi za zamani hazijirekebishi ukiweka saa sawa; zitabaki na saa zao za uongo, na ukishaiweka sawa bila kupima huwezi tena kuthibitisha zilikosea kwa kiasi gani. Binti aliandika kwa kalamu ya wino kwenye kava la mashine: *kabla ya leo, toa saa 5 dk 7*. Mama akaisoma, akaenda kumnunulia soda.

Tukamwita mlinzi wa korido na daftari lake. Kwa siku ile alikuwa ameandika: *8:15, vijana wawili pikipiki nyekundu wametoka haraka*. Sisi kwa hesabu yetu tulikuwa na 8:12. Nikamwomba saa yake ya mkononi, nikailinganisha na simu. Iko mbele dakika tatu.

"Hiyo naitanguliza makusudi," alisema akiifunga tena mkononi. "Nisikose Hiace ya kwanza."